Filamu bora za muongo wa 1970 hadi 1979: kumi ninazozitetea, nikianza na zile zinazojua kuficha

KitiChaNyuma (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikizitazama upya filamu za muongo ulioanza mwaka 1970 na kumalizika mwaka 1979, na sasa nimefika mahali ambapo ninaweza kuweka orodha ya kumi mezani nikiwa tayari kuitetea. Nimejiwekea masharti mawili. La kwanza ni kwamba mwaka unaohesabiwa ni ule ambao filamu ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza, si mwaka wa kupigwa picha wala mwaka iliyopata tuzo. La pili, ambalo najua litazua maneno, ni kwamba kila mwongozaji anapewa nafasi moja tu, kwa sababu bila sharti hilo Francis Ford Coppola peke yake angechukua nafasi nne: The Godfather ya mwaka 1972, The Conversation na The Godfather Part II zilizotoka zote mwaka 1974, na Apocalypse Now ya mwaka 1979.

Kuhusu kigezo, nimeipa uzito zaidi filamu inayojua ni kitu gani isikionyeshe. Mwaka 1968 tasnia ya filamu ya Marekani iliachana na kanuni za zamani za udhibiti na kuanza kuzipanga filamu kwa madaraja ya umri, kwa hiyo waongozaji wa miaka ya sabini walikuwa miongoni mwa wa kwanza huko kuruhusiwa kuonyesha karibu kila kitu, damu na vitanda vikiwemo. Ajabu ni kwamba waliobaki kichwani mwangu ni wale waliokuwa na ruhusa hiyo mkononi na bado wakaamua kufunga mlango. Nimegundua pia kwamba kigezo hicho kinafaa hata kwa filamu zilizotengenezwa mbali na Marekani, ingawa huko sababu za kuficha zilikuwa nyingine kabisa.

Orodha yangu, kutoka juu kwenda chini, ni hii: The Conversation, Jeanne Dielman ya Chantal Akerman (1975), Chinatown ya Roman Polanski (1974), Jaws ya Steven Spielberg (1975), Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty (1973), Barry Lyndon ya Stanley Kubrick (1975), Taxi Driver ya Martin Scorsese (1976), Stalker ya Andrei Tarkovsky (1979), Alien ya Ridley Scott (1979), na Sholay ya Ramesh Sippy (1975).

Nieleze nafasi ya kwanza, kwa kuwa ndiyo itakayopigwa mawe. Katika The Conversation, Gene Hackman anaigiza fundi wa kunasa mazungumzo ya watu kwa siri. Filamu inaanza katika uwanja wa wazi uliojaa watu mjini San Francisco, ambako mwanamume na mwanamke wanatembea wakizunguka huku vinasa sauti vikiwafuata kutoka pande mbalimbali. Fundi anarudi kwenye karakana yake, anaziunganisha kanda, anasafisha kelele, na kutoka chini ya muziki wa mtaani linaibuka sentensi moja ya yule mwanamume, akisema kwamba mtu fulani angewaua akipata nafasi. Tunaisikia sentensi hiyo tena na tena, na kila mara uzito wake umekaa kwenye kuua. Mwishoni, mambo yakiwa yameshaharibika, tunaisikia upya na uzito umehamia kwenye neno linalomaanisha sisi, na hapo ndipo unapogundua kwamba waliokuwa wakionekana kama mawindo ndio waliokuwa wakiwinda. Walter Murch, aliyeshughulikia sauti na uhariri wa filamu hiyo, alitumia tamko jingine la sentensi ile ile.

Kwa sisi tunaowaza kwa Kiswahili kuna ladha ya ziada hapa. Neno hilo kwetu ni silabi moja iliyobanwa katikati ya kitenzi, "angetuua", na huwezi kuikazia bila kuongeza "sisi" mwishoni. Mfasiri akiongeza "sisi" mapema anatoa siri ya filamu nzima. Asipoongeza mwishoni, mtazamaji hapati kitu. Sijawahi kuona filamu nyingine ambayo hatima yake yote imening'inia kwenye mkazo wa silabi moja. Karibuni.

MkandaMrefu

Ndugu KitiChaNyuma, nimeisoma orodha yako mara tatu nikidhani macho yangu yameruka mstari. Umeandika orodha ya filamu bora za miaka ya sabini ambayo The Godfather haimo, kisha ukaeleza kwamba sababu ni sharti ulilolitunga mwenyewe. Sharti la namna hiyo linafaa katika kugawa zawadi kwa watoto ili asilie hata mmoja, lakini halifai katika kupima ubora, kwa kuwa kama mtu mmoja alifanya kazi nne kubwa ndani ya miaka kumi, huo ndio ukweli wa muongo wenyewe na hatuna sababu ya kuurekebisha.

Nakupinga kwa kigezo chako hicho hicho. Hakuna filamu ya muongo huo inayoficha kwa ustadi kuliko The Godfather. Mpigapicha wake, Gordon Willis, aliwasha taa kutoka juu ya vichwa vya waigizaji, na kwa sababu hiyo macho ya Marlon Brando yanabaki gizani katika ofisi ile ya mwanzo. Tunamsikia Don, mkuu wa familia ya mafia anayeigizwa na Brando, akizungumza kwa upole kuhusu heshima na urafiki, ilhali hatuwezi kuyasoma macho yake. Wapo waliolalamika wakati huo kwamba picha ilikuwa ya giza mno, na Willis hakuteuliwa hata kuwania tuzo ya Oscar kwa filamu hiyo wala kwa sehemu ya pili. Ikiwa unasifu kufunga mlango, kumbuka kwamba filamu hiyo inamalizika kwa mlango kufungwa: Michael, mwana wa Don, amemwambia mkewe uongo, mkewe ameusadiki kwa dakika moja, kisha anawaona wanaume wakimbusu mumewe mkono, na mtu mmoja anausukuma mlango mpaka uso wa mke unapotea. Huo ni mlango halisi, wa mbao, na umeuacha nje ya orodha.

TaaZizimwe

Naunga mkono hoja ya kufuta sharti, lakini ninalo swali gumu zaidi kuhusu Jaws. Inajulikana vizuri kwamba papa wa mashine aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu hiyo alikuwa akiharibika kila mara alipoingizwa kwenye maji ya chumvi, na kwamba kazi iliyopangwa kuchukua siku 55 ilichukua siku 159. Spielberg hakumficha papa kwa hekima. Alimficha kwa sababu papa alikuwa amezama. Sasa mleta uzi anawezaje kuisifu filamu kwa kujua nini isikionyeshe, wakati kilichotokea ni kwamba mwongozaji alitaka kuonyesha na mashine ikakataa?

KitiChaNyuma (mleta uzi)

Swali zuri, na kwa kweli ndilo lililonichelewesha kuandika uzi huu. Jibu langu ni kwamba tunahukumu kilichomo kwenye skrini, si nia ya mtu alipokuwa anaamka asubuhi. Papa alipokataa kufanya kazi, kuna mtu alipaswa kuamua ni nini kitawekwa mahali pake. Uamuzi huo ndio uliotuletea mapipa ya manjano yanayofungwa kwenye mwili wa papa, ambayo yanazama na kuibuka, na mtazamaji anaogopa pipa tupu linaloelea. Uamuzi huo ndio pia uliompa nafasi mtunzi wa muziki John Williams na noti zake mbili, na Verna Fields, mhariri aliyepata Oscar kwa kazi hiyo, ambaye alijua kukata picha kabla jicho halijashtukia kwamba linaangalia mpira na chuma. Mashine nyingi huharibika katika filamu nyingi, na matokeo yake huwa ni filamu mbaya.

MwangaWaMshumaa

Mimi nitasema neno moja la Barry Lyndon kisha niwaachie uwanja. Kubrick alipata lenzi za Zeiss zilizokuwa zimetengenezwa kwa ajili ya NASA, zenye uwezo wa kupokea mwanga mwingi kupita kiasi cha kawaida, na akazitumia kupiga picha vyumba vilivyowashwa kwa mishumaa pekee. Gharama ya lenzi hizo kisanii ni kwamba eneo linaloonekana vizuri ni jembamba sana, kwa hiyo mwigizaji akisogea mbele kidogo tu uso wake unapoteza ukali. Ndiyo maana watu kwenye meza ya kamari wanakaa kama sanamu, na ukakamavu huo unageuka kuwa tabia ya tabaka lao. Nafasi ya sita ni halali.

BaruaYaReli

Nimeingia hapa kwa ajili ya Sholay, na nitakuwa mrefu, mnisamehe. Kuiweka nafasi ya kumi ni kama kumkaribisha mgeni kisha ukamkalisha karibu na mlango wa jikoni. Hii ni filamu iliyoanza kuonyeshwa tarehe 15 Agosti 1975 na kukaa katika ukumbi wa Minerva, Bombay, kwa zaidi ya miaka mitano. Najua mleta uzi hatajali idadi ya miaka, kwa hiyo nitatumia kipimo chake mwenyewe, kwa kuwa nina hakika ameiweka mwishoni akidhani ni filamu ya kelele, farasi na nyimbo.

Thakur, aliyekuwa ofisa wa polisi, anawaajiri wahalifu wawili, Veeru na Jai, ili wamkamate jambazi Gabbar Singh akiwa hai. Kuanzia tunapomwona kijijini, Thakur amejifunika shali mabegani. Hatulitilii maanani, ni mzee wa heshima na shali ni vazi la heshima. Siku ya sherehe ya rangi majambazi wanavamia, Veeru na Jai wanabanwa, na bunduki imelala chini karibu kabisa na miguu ya Thakur. Anaitazama. Haiokoti. Mtazamaji anamchukia kwa dakika kadhaa, kama wale vijana wanavyomchukia, na wanamwambia waziwazi kwamba kazi yake wameshaichoka. Ndipo anaposimulia yaliyompata, na simulizi inapokwisha upepo unalivuta lile shali, na tunaona kwamba hana mikono. Salim Khan na Javed Akhtar, walioandika mswada, walitufanya tumwangalie mtu asiye na mikono kwa muda wote huo bila kutambua, kisha wakatuadhibu kwa kumlaumu.

Angalieni pia mauaji ya familia yake. Kila mmoja anapopigwa risasi picha inagandishwa, na zamu ya mtoto inapofika, Gabbar akiwa ameelekeza bunduki, hatuoni kinachofuata. Tunapelekwa kwenye treni inayomrudisha Thakur nyumbani akiwa hajui lolote. Anachokikuta ni miili iliyofunikwa nguo nyeupe, mmoja ukiwa mdogo. Kisha kuna sarafu ya Jai, ambayo filamu nzima tunaiona ikirushwa kuamua jambo hili na lile, na ni baada ya kifo chake tu tunapojua kwamba pande zake zote mbili zilifanana. Hii ndiyo filamu mliyoidhania haijui kuficha.

Mwisho wake nao una historia. Mswada ulitaka Thakur amuue Gabbar kwa miguu yake, na sehemu hiyo ilipigwa picha. India ilikuwa imeingia katika hali ya hatari tangu Juni 1975, na bodi ya udhibiti haikukubali aliyekuwa polisi achukue sheria mikononi, au tuseme miguuni, kwa hiyo ukatengenezwa mwisho mwingine ambamo polisi wanafika na kumzuia. Nimeziona zote mbili. Mwisho wa asili ndio sahihi, kwa sababu katika ule wa pili kila kitu ambacho filamu imekikusanya kwa zaidi ya saa tatu kinakabidhiwa kwa watu waliochelewa.

MkandaMrefu

Ndugu BaruaYaReli, kwa hoja hiyo ya miisho naomba uilinganishe na Chinatown. Robert Towne, aliyepata Oscar ya mswada, na hiyo ikawa Oscar pekee ya filamu hiyo kati ya 11 ilizowania, alitaka Evelyn, mhusika mkuu wa kike, aokoke. Polanski alikataa na kulazimisha mwisho wa kifo. Kule mwongozaji alishinda dhidi ya mwandishi na filamu ikanufaika. Kwenye Sholay serikali ilishinda dhidi ya wote wawili na filamu ikaumia.

NyotaYaMbali

Nimesubiri mpaka hapa kuona kama kuna mtu atathubutu kuitaja Star Wars ya mwaka 1977, nami nimeona kwamba wote mnaiogopa kama deni. Orodha ya muongo ambayo haina filamu iliyobadilisha namna ya kutengeneza filamu zote zilizofuata inanipa mashaka. Kabla yake, kupiga picha ya vyombo vya angani mara nyingi kulimaanisha kamera imetulia na kidude kinapita mbele yake. Kikundi cha mwongozaji wake, George Lucas, kilitengeneza kamera iliyoongozwa kwa vifaa vya kielektroniki, ambayo iliweza kurudia mwendo ule ule bila kukosea, hivyo chombo kimoja, kisha cha pili, kisha nyota, vyote vikapigwa picha kwa zamu na kuunganishwa kana kwamba vilikuwa pamoja. Sauti ya panga za mwanga aliitengeneza Ben Burtt kwa kuchanganya mngurumo wa mota ya projekta ya zamani na kelele za televisheni. Fikirini: silaha mashuhuri kuliko zote katika historia ya sinema inanguruma kwa sauti ya mashine ya sinema yenyewe. Mpenzi wa filamu anawezaje kukataa kitu kama hicho?

Na kama hoja ni kuficha, Darth Vader, adui mkuu, hana uso mpaka filamu inakwisha.

KitiChaNyuma (mleta uzi)

Nimecheka kwa hiyo ya Vader, na hiyo ya projekta nitaibeba kila mahali. Hata hivyo nasimama nilipo. Ushawishi ni jambo la wanahistoria. Filamu inaweza kubadilisha tasnia nzima na bado ikawa na mazungumzo ambayo waigizaji wake wenyewe wanayatamka kama watu wanaosoma maelekezo kwenye chupa ya dawa. Ninachokiona nikiitazama Star Wars leo ni dakika 40 nzuri sana, nazo ni zile za jangwani mwanzoni na za mashambulizi ya mwisho, zikiunganishwa na mbio nyingi kwenye ushoroba. Orodha ya filamu muhimu ingeiweka katika mbili za juu. Yangu ni orodha ya filamu bora, na kumi zimeshajaa.

NyotaYaMbali

Basi uwe na msimamo mmoja, ndugu yangu. Kwenye Jaws ulituambia tuhukumu kilichomo kwenye skrini, lakini hapo hapo ukaanza kutusimulia habari za papa kuharibika na mhariri kumwokoa. Mimi nikisimulia habari za kamera, inaitwa historia.

KitiChaNyuma (mleta uzi)

Hapo umenipata. Nitalifikiria.

ManukuuMadogo

Naomba kueleweshwa, na siulizi kwa kejeli. Jeanne Dielman ina urefu wa dakika 201. Nilijaribu kuitazama mara mbili, na mara zote nililala wakati mwanamke anamenya viazi. Najua kwamba mwaka 2022 wahakiki waliopiga kura katika jarida la Sight and Sound waliiweka kuwa filamu bora kuliko zote za nyakati zote, lakini kura si maelezo. Ni nini hasa ninachopaswa kukiona?

MwangaWaMshumaa

Viazi hivyo hivyo. Filamu inatuonyesha siku tatu za mjane, Delphine Seyrig, anayeishi na mwanawe. Siku ya kwanza kila kitu kina mahali pake: anaweka viazi jikoni, kengele inalia, anampokea mwanamume, wanaingia chumbani, mlango unafungwa, mwanga wa ushoroba unabadilika kutuonyesha kwamba muda umepita, mwanamume anatoka, analipa, na pesa zinaingia ndani ya bakuli kubwa la supu lililoko mezani, kisha kifuniko kinarudishwa. Viazi vimeiva barabara. Ratiba yake ya ulezi, usafi na ukahaba imepangwa kwa muda wa kuchemka kwa viazi.

Siku ya pili mgeni wa pili anatoka, na safari hii nywele za Jeanne zimevurugika kidogo, na kifuniko cha bakuli hakirudishwi. Anaenda jikoni, viazi vimepondeka. Sasa tazama anachofanya: anachukua sufuria, anatoka nayo, anaingia nayo bafuni, anarudi nayo jikoni, kana kwamba nyumba yake mwenyewe imekosa mahali pa kuweka kosa. Ukiwa umelala wakati wa viazi vya siku ya kwanza, sufuria hii haikuambii kitu. Ukiwa macho, hiyo ndiyo sehemu ya kutisha kuliko zote katika muongo huo, papa akiwemo. Nini kilichotokea nyuma ya mlango siku hiyo hatuambiwi. Siku ya tatu kamera inaingia chumbani kwa mara ya kwanza, na mleta uzi anajua vizuri kinachotokea mlango unapoacha kutulinda.

Akerman alikuwa na umri wa miaka 24 filamu hiyo ilipoonyeshwa Cannes mwaka 1975. Binafsi naona ni dhambi kuiweka chini ya The Conversation.

ManukuuMadogo

Nimeitazama tena jana, nikiwa nimeketi wima kwenye kiti kigumu. Nilipofika kwenye bakuli la supu lisilofunikwa nilijikuta nikiiambia skrini, "Kifuniko, mama, kifuniko." Sijui kama nimeipenda, lakini sitasema tena kwamba hakuna kinachotokea.

DirishaLaMashariki

Wakuu, mjadala ni mzuri, ila kuna jambo tunalipita. Tunapanga filamu tulizowahi kuziona, na tulizoziona ni zile zilizoruhusiwa kutufikia. Touki Bouki, ambayo nafurahi kuiona kwenye orodha, ilitengenezwa Senegal kwa fedha kidogo sana na ilirejeshewa ubora wake mwaka 2008 tu. Mngeulizwa mwaka 2000, ni wangapi kati yenu mngeitaja? Na hapa niseme kwamba kigezo cha mleta uzi kinaihusu nusu tu. Inaanza na ng'ombe wakichinjwa machinjioni, bila kuficha hata tone. Lakini mapenzi ya Mory na Anta juu ya jabali kando ya bahari hatuyaoni. Tunachoonyeshwa ni mkono ulioshika sehemu ya pikipiki, na mawimbi. Mambéty alijua kwamba kifo cha mnyama ni cha hadhara na kwamba mapenzi ni ya wenyewe.

Killer of Sheep ya Charles Burnett ina kisa kikubwa zaidi. Ilikuwa kazi yake ya masomo katika chuo kikuu cha UCLA, ilikamilika katika miaka ya sabini na kuanza kuonyeshwa mwaka 1978, lakini haki za nyimbo alizozitumia hazikuwa zimelipiwa, kwa hiyo haikuweza kusambazwa katika kumbi za kawaida mpaka mwaka 2007. Karibu miaka 30 filamu ilikuwapo na haikuwapo. Stelingi wake anafanya kazi ya kuchinja kondoo, na hakuna mpango wa kando wala bastola ya kumaliza mambo. Kuna sehemu yeye na mwenzake wanahangaika kushusha injini ya gari kwenye ngazi, wanaipakia kwenye pikapu, wanaondoka, na injini inaanguka barabarani. Wanashuka kuitazama, kisha wanaiacha. Sijui taswira nyingine inayoeleza uchovu wa maskini kwa uaminifu kama hiyo.

Tena kuna Sambizanga ya Sarah Maldoror, ya mwaka 1972, kuhusu Angola ikiwa bado chini ya Ureno. Ilipigwa picha Kongo Brazzaville kwa sababu za wazi. Mwanamke anatembea na mtoto mgongoni kutoka kituo hadi kituo akimtafuta mumewe aliyekamatwa, nasi tunajua kabla yake kwamba mume ameshauawa kwa mateso. Pale kuficha si mbinu ya kumshtua mtazamaji. Ni ukatili wa dola kwa mke wa mtu, na Maldoror anatufanya tubebe habari ambayo mhusika hana.

TaaZizimwe

Hii ya kutofautisha kumficha mtazamaji na kumficha mhusika ndiyo hoja bora katika uzi mzima. The Conversation inatuficha sisi na fundi kwa pamoja. Sholay inatuficha sisi na vijana. Jeanne Dielman inatuficha sisi tu, maana Jeanne anajua. Sambizanga inamficha Maria, yule mke anayemtafuta mumewe, peke yake. Kwangu hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote.

Na kwa kuwa hakuna aliyeigusa Taxi Driver, nami niongeze kitu kidogo. Travis, yule dereva wa teksi, anapompigia simu Betsy, mwanamke anayempenda, kuomba msamaha, kamera inamwacha katikati ya mazungumzo na kusogea pembeni mpaka kwenye ushoroba mtupu, kama mtu aliyeona aibu kusikiliza. Sauti yake inaendelea. Naona aibu hiyo ya kamera kuwa na nguvu kuliko damu yote ya mwisho.

KitiChaNyuma (mleta uzi)

Nimesoma kila kitu, nimetazama tena filamu tatu, na ninafanya nilichoahidi. Sharti la mwongozaji mmoja nimelifuta; MkandaMrefu alikuwa sahihi na mfano wake wa mlango ulininyima usingizi. Jeanne Dielman inapanda juu kabisa, na sababu ni ile sufuria inayotembezwa. Sholay nilikuwa nimeipangia kwa kumbukumbu za utotoni, na kumbukumbu hizo zilikuwa na nyimbo nyingi kuliko shali, imepanda. Stalker inatoka. Najua kwamba picha za nje za awali ziliharibika maabara na Tarkovsky akalazimika kuzipiga upya, na naheshimu sana uvumilivu huo, ila nilipoirudia niliona kwamba ninaiheshimu zaidi ya ninavyoihitaji. Killer of Sheep nimeitazama kwa mara ya kwanza kwa sababu ya uzi huu. Sambizanga bado sijaipata katika nakala inayotazamika, kwa hiyo siwezi kuipanga kwa uaminifu.

Orodha mpya ya kumi: Jeanne Dielman, The Godfather, The Conversation, Sholay, Chinatown, Touki Bouki, Killer of Sheep, Barry Lyndon, Taxi Driver, Jaws, Alien. NyotaYaMbali, nisamehe tena.

NyotaYaMbali

Nimekusamehe, lakini hesabu yako haijanisamehe. Hizo ni kumi na moja.

BaruaYaReli

Nimehesabu mara mbili. Kumi na moja. Mimi sina maoni mengine, mradi Sholay isiguswe.

KitiChaNyuma (mleta uzi)

Ni kweli, ni kumi na moja. Zinazogombania mlango ni mbili za mwisho, na zote zina mnyama tusiyemwona vizuri. Kwenye Alien aliyevaa lile vazi la mnyama ni Bolaji Badejo, kijana wa Nigeria mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, na Ridley Scott alimpa muda mfupi sana kwenye skrini, kwa hiari yake na bila mashine yoyote kuzama. Kwa haki, kwa kigezo changu, ndiyo iliyopaswa kubaki. Nimeiondoa hata hivyo, kwa sababu yale mapipa ya manjano bado yananitisha nikiyakumbuka mchana.